Mtoto Asiye na Kidevu

Mama mwenzangu, kama una mtoto aliyekwenda kusoma mbali na kazi yake huielewi vizuri, kaa kidogo nikupe habari ya fundi cherehani mmoja na binti yake. Siandiki ili kukuchekesha, ingawa kuna mahali utacheka. Naandika kwa sababu kosa alilolifanya yeye, mimi na wewe tunaweza kulifanya kesho asubuhi, tena kwa moyo mweupe kabisa.

Fundi huyu alikuwa anashona sare za shule. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda chake: cherehani karibu na dirisha, majora ya kitambaa cha bluu na kijani kwenye rafu, pasi kwenye kona, na nyuzi kila mahali, mpaka ndani ya chai. Chumba cha nyuma kilikuwa cha binti. Hakuna aliyelala humo tangu binti aondoke, lakini shuka zilibadilishwa kama vile mwenyewe yuko njiani.

Binti walimwita Kokoto. Jina hilo alijitafutia utotoni, maana kila alikokwenda alirudi na mawe mfukoni, na mama yake akifua alisikia yanagongana ndani ya beseni. Watoto wengine wa mtaa walikua wakaacha mawe yao. Yeye aliendelea nayo mpaka chuo kikuu, na huko akatoka kwenye mawe akaingia kwenye mifupa, mifupa ya watu wa kale mno, iliyokaa ardhini mpaka nayo ikawa kama mawe.

Mama hakuipinga kazi ile. Aliionea wivu tu. Yeye shule aliishia ya msingi, na alichokikumbuka ni mchoro mmoja wa darasani: nyani ameinama, mbele yake mwingine aliyeinuka kidogo, na mwingine, mpaka mwisho kabisa mtu anayetembea wima. Kichwani mwake binti yake alikuwa ameingia ndani ya ule mstari na anatembea kinyumenyume. Kila mwaka anampita mmoja zaidi, na kila mwaka anazidi kuwa mbali na nyumbani.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa hamwachi apumue. Alikuwa na kigoda chake pale karibu na pasi.

"Haya, wifi, mtoto keshampata babu yetu nyani?"

"Kama babu yako nyani, sema mwenyewe. Wa kwangu alikuwa seremala."

"Nauliza kwa nia njema! Maana mimi nikimtazama yule kaka yako mkubwa anavyomenya ndizi, naona uchunguzi ungeanzia hapa hapa kwenu. Bila hata nauli."

Mama alicheka mpaka mshono ukaenda upande. Jioni Kokoto alipopiga simu, akamsimulia. Kokoto naye akacheka, halafu akawa mwalimu, kama kawaida yake.

"Mwambie shangazi nyani si babu, ni ndugu wa mbali. Sisi na sokwe tulikuwa na bibi mmoja, zamani, zamani sana, kila upande ukashika njia yake. Na ule mchoro wenu wa foleni, mama, usahau. Haikuwa foleni. Ni ukoo, na ukoo una matawi. Kulikuwa na watu wa namna nyingi, wanaishi wakati mmoja, wanakutana, wengine hata wanazaa pamoja."

"Sasa wako wapi hao wengine?"

"Wamekwisha. Tumebaki sisi."

Mama aliona huruma tu, kama mtu aliyeambiwa kuna jamaa zake walikuwa jirani na wamehama bila kuaga.

Kisha ikaja ile simu iliyombadilisha. Kundi la akina Kokoto lilikuwa limepata fuvu la mtoto mdogo, pamoja na taya lake la chini, na meno ya utoto yapo. Mtoto wa moja ya yale matawi yaliyokwisha. Kokoto alikuwa amekabidhiwa meno yake ayachunguze. Na makumbusho ya mji wa mama, yale yaliyo karibu na soko la vitambaa, yalikuwa yanajenga chumba cha kumweka mtoto huyo kazi ya meno ikimalizika. Walitaka na mtu wa kumtunza, anayemjua.

"Wamenitaja mimi," alisema Kokoto. "Nikimaliza meno, mama, tunakuja wote wawili. Mimi na yeye."

Kuanzia hapo fundi alihesabu maisha yake kwa meno. Alishona mapazia mapya ya chumba cha nyuma, akayafumua, akayashona tena yakiwa marefu zaidi. Kila simu aliuliza, "Meno yamefika wapi?" Wifi akasema hajawahi kusikia bibi anayemharakisha mjukuu kuota meno kiasi hicho, tena mjukuu aliyekufa kabla ya dunia kupata sabuni. Usiku wa mtu mpweke hauna mzaha. Alikuwa anamhitaji mwanawe, basi. Alitaka kusikia mlango wa nyuma ukifunguliwa na mtu asiyebisha hodi.

Siku moja Kokoto akamwita. "Njoo umwone, mama. Kazi inakaribia kuisha, na nataka umwone kwangu kwanza kabla watu wote hawajamwona."

Mama alishona gauni jipya la rangi ya maziwa kwa ajili ya safari ile, akasuka nywele, akafika roho juu.

Kokoto alimpokea kwenye mlango wa maabara. Alikuwa amekata nywele zikawa fupi kama za mvulana, na alinuka dawa ya kusafishia mikono. Alimkumbatia mama yake sana, lakini alipogeuka kuzungumza na wenzake, alicheka kicheko ambacho mama hakukijua. Kimetoka wapi? Ni nani aliyemfundisha? Mama alimfuata kwenye ukumbi mrefu uliojaa mlio wa mafriji, akijiona kama mtu aliyekuja kumtembelea mtoto wa jirani.

Mwisho wa ukumbi kulikuwa na kioo kikubwa. Wageni husimama pale wakitazama ndani. Mkuu wa maabara, mwanamama mrefu mwenye sauti ya polepole, aliwapita na majalada yake, akasalimia, akasema, "Karibu sana, mama. Kioo hicho tumekifuta kwa ajili yako." Akaenda zake.

Kokoto alitazama ukumbi huku na huku.

"Wageni wanaishia kwenye kioo," alisema. "Wewe si mgeni."

Hapo, mama mwenzangu, fundi alijisikia kama amepewa nyumba.

Alivishwa koti jeupe, kofia ya wavu, barakoa na glavu. Kokoto alimfunga mwenyewe vifungo vya juu vya koti, akamwambia asiguse kitu, na mama akaapa kwa marehemu baba yake Kokoto. Wakaingia.

Mtoto alikuwa juu ya meza, amelazwa kwenye mchanga laini ndani ya sinia, taa ikimmulika. Mama alikuwa amejiandaa kuona kitu cha kutisha. Akaona kichwa kidogo. Paji limelala nyuma, mifupa ya juu ya macho imeanza kutokeza, lakini mashavu yalikuwa madogo, na meno yale ya mbele yalikuwa madogo zaidi, yamepangana vizuri. Udongo mwekundu ulikuwa bado umemganda puani na kuzunguka mdomo.

"Alikuwa na umri gani?" aliuliza, na kumbe alikuwa ananong'ona.

"Wa kuanza kukimbia na kuanguka. Mtazame hapa." Kokoto alielekeza kwa brashi bila kugusa. "Hana kidevu. Wao hawakuwa na kidevu kama chetu. Taya linakuja, linakatika, basi."

"Masikini. Mama yake alimshika wapi akimlisha?"

Kokoto alimtazama mama yake, macho juu ya barakoa yakacheka. "Hilo swali halijaulizwa kwenye mkutano hata mmoja."

"Na mbona hamjamwosha uso? Mtoto ana matope mdomoni hivi."

"Ndiyo kazi yenyewe, mama. Hapa usafi ni adui yetu. Unaona ule ukoga, ule uchafu mgumu ulioganda kwenye meno ya mbele? Humo ndani kuna chembe za alichokula. Kuna na mate yake mwenyewe yaliyokauka. Tukiufungua vizuri huenda tukajua kama alikuwa bado ananyonya. Nimeuacha mwisho kabisa. Wiki ijayo nautoa."

"Na ukishautoa?"

"Tunafunga virago. Tunakuja nyumbani."

Mama alimtazama Kokoto akiinama juu ya lile sinia. Mkono wake ulikuwa unapita juu ya fuvu na brashi laini, bila kuligusa, kama mtu anayepunga nzi juu ya mtoto mchanga aliyelala. Mwanawe alikuwa mpole hivi tangu lini? Alimwonea wivu yule mtoto wa udongo, kisha akamwonea huruma, kisha akashindwa kuzitenganisha hisia hizo mbili.

Mlango wa nje ukagongwa. Mzigo wa dawa umeletwa, lazima mhusika asaini.

"Simama hapo hapo," alisema Kokoto. "Narudi sasa hivi."

Mama akasimama hapo hapo. Simsingizii: miguu yake haikusogea. Alikuwa anamtazama mtoto, na mtoto amefungua mdomo kidogo, na taa inamulika yale matope pembeni mwa meno. Alifikiri juu ya mama wa mtoto yule. Mwanamke mwenye paji la kulala nyuma, asiye na kidevu, amekaa mahali pasipo na nyumba, anamtafuta huyu. Alimwita kwa sauti gani? Alimtafuta mpaka lini? Na mikono, wakati kichwa kiko huko mbali, ikafanya kazi yake ya miaka yote. Mkono mmoja ulivua glavu ya mwenzake kama fundi anayetaka kupapasa kitambaa. Barakoa ikashushwa. Kidole gumba kikaenda mdomoni, kikalowa mate, kikarudi kumfuta mtoto mdomo, hapa, na hapa, na pale palipogoma akasugua kidogo. Halafu akajifuta kidole kwenye gauni, kama anavyojifuta siku zote.

Alipoinua macho, Kokoto alikuwa mlangoni.

"Mama. Umefanya nini?"

"Nimemfuta tu, mwanangu. Alikuwa na uchafu."

Afadhali angepiga kelele. Kokoto hakupiga. Alikuja akainama, akatazama meno ya mbele, ambayo sasa yalikuwa yanang'aa, akabaki ameinama hivyo hivyo kwa muda mrefu. Mama aliona mgongo wake unapanda na kushuka. Akanyoosha mkono ampapase.

"Usiniguse. Tafadhali. Usiguse chochote."

Mkuu wa maabara alikuja. Naye pia hakugomba, na mama alitamani mtu mmoja angalau amgombeze. Walimpa gauni la kijani la karatasi la kuvaa, wakalichukua lile la rangi ya maziwa, wakalifunga kwenye mfuko, kwa sababu punje za ukoga zilikuwa zimeshikamana na kitambaa. Mkuu alipitisha kidole juu ya mfuko, kwenye pindo la gauni, akasema, "Kazi nzuri hii. Umeshona mwenyewe?" Mama akaitikia kwa kichwa. Alitaka kufa.

Halafu walihitaji mate yake. Kila anayeingia chumba kile huacha mate yake kwanza, ili wakikuta chembe zake kwenye mfupa wajue ni zake, si za mtoto. Ya mama hayakuchukuliwa kwa sababu hakutakiwa kuwa mle ndani. Kokoto ndiye aliyekuja na kijiti chenye pamba. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mama yake, magoti yakagusana.

"Fungua mdomo."

Akamshika kidevu. Kwa mkono wa kushoto, na glavu, akamshika kidevu mama yake ili kichwa kisicheze, na kwa mkono wa kulia akapitisha pamba ndani ya shavu. Ilikuwa miaka tangu wakaribiane hivyo. Mama aliona kovu dogo juu ya nyusi ya mwanawe, aliona macho yamekuwa mekundu. Alitaka kijiti kile kisiishe. Alitaka glavu ile isiwepo.

"Haya. Tayari."

"Mwanangu, si mna mashine? Si zitatenganisha ya kwangu na ya kwake?"

Kokoto alikifungia kijiti kwenye kichupa. "Vinasaba vyake, ile alama ya ukoo iliyo ndani ya mate, ni vichache mno, mama. Vimechoka, vimekatikakatika. Vya kwako ni vibichi, ni vingi. Ni kama umemwagia ndoo ya chai kwenye kijiko cha chai, halafu unaniuliza sukari ipi ilikuwa ya nani." Aliandika jina la mama juu ya kichupa. "Na kile kilichobaki kwenye meno umekisugua. Ulisugua vizuri sana."

"Meno mengine je? Ya nyuma?"

"Bado yako ndani ya taya. Hayajawahi kuonja kitu."

Mama alilia njia nzima, ndani ya gauni la karatasi lenye mlio kama wa mfuko wa duka.

Sikiliza sasa kilichofuata, maana hapa ndipo onyo lenyewe lilipo. Kokoto hakufukuzwa. Mkuu alisema kosa la kumwingiza mtu ni la Kokoto, si la mama, na Kokoto akalibeba. Lakini kazi ya meno haikuwa na mwisho tena. Njia iliyobaki ilikuwa kurudi kule alikopatikana mtoto, nyanda kavu zisizo na mtandao wa maana, kuchekecha udongo mpaka lipatikane jino lingine la watu wale, la ndugu yake, la mama yake, la yeyote. Linaweza kupatikana msimu huu. Linaweza lisipatikane. Kokoto aliomba kwenda mwenyewe. Wale wa makumbusho hawakuweza kusubiri. Walichukua mtu mwingine.

Wifi alipoambiwa, alishika pasi baridi akaanza kunyoosha sare ambazo zilikuwa zimeshanyooshwa. Baadaye sana akasema, "Lakini wifi, ningekuwa mimi, ningempiga na busu."

"Nyamaza."

"Nasema kweli."

Huko nyandani Kokoto hupanda kilima kutafuta mtandao. Miezi ya kwanza alipiga kwa ufupi: mzima, wewe mzima, haya. Mama alikuwa na swali moja tu kifuani, unarudi lini, na alijua likitoka litakuwa mate mengine kwenye jeraha. Akalimeza. Akawa anauliza, "Leo mmechekecha upande gani?" Kokoto alishangaa mwanzoni, akajibu kwa mkato. Siku nyingine akajibu zaidi. Akaeleza jinsi udongo unavyobadilika rangi, jinsi mtu anavyojifunza kwa ulimi wake kutofautisha mfupa na jiwe, maana mfupa hunata ukiulamba.

"Mnalamba?" Mama alisimama wima. "Ninyi mnalamba, na mimi kidole kimoja tu?"

Huko kilimani Kokoto alicheka, cheko refu, kile kicheko kipya, na safari hii mama alikuwamo ndani yake. "Vile vidogo tu, mama, vya porini, visivyokwenda kwenye mashine," alisema akivuta pumzi. Kisha akasema wanamwita chini, akakata. Hakusema lini anakuja. Hasemi mpaka leo, na jino halijapatikana.

Makumbusho yalifunguliwa. Mama alikuwa anapita pale kila akienda kununua vitambaa, na siku moja akaingia. Chumba kilikuwa kizuri, kimepakwa rangi ya udongo. Katikati, kwenye kisanduku kisicho na kioo, alikuwa mtoto. Si mwenyewe, ni wa plasta, maana mwenyewe bado yuko kabatini kule maabara. Plasta ilikuwa safi, mdomo safi, hana hata punje ya tope. Mama alimtazama akaona hawafanani.

Mtunzaji alikuwa msichana wa rika la Kokoto, amevaa sare mpya ambayo mabega yake yameshonwa vibaya.

"Karibu, mama. Unaweza kumshika, ni plasta tu. Watu wote wanamshika."

"Asante, mwanangu. Namwona hivi hivi." Alimtazama msichana. "Wewe kwenu ni hapa?"

"Hapana, kwetu mbali. Nimekuja kwa ajili ya kazi hii."

"Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Anajua unafanya nini hapa?"

Msichana alicheka, akatazama pembeni. "Anajua nafanya kazi na mafuvu. Ananiombea tu. Nitampigia jioni nimweleze."

"Mpigie sasa," alisema fundi. "Usimweleze mengi. Mwambie leo kimetokea nini, basi, halafu umwache aulize."

Msichana alisita, akaona yule mama hana mpango wa kuondoka, akatoa simu mfukoni. Ilipoanza kuita, fundi alisogea akaenda kusimama upande wa pili wa chumba, mbali kidogo, asije akasikia maneno ya watu.